Jicho limeacha kuuma, kwa nini niendelee na dawa?

SWALI: Assalamu alaykum daktari. Mimi ni mama wa miaka 36, nakaa Lamu, na kazi yangu ni kushona kofia za mkono. Huu mwaka wa pili jicho langu la kulia linanisumbua: linawaka, linauma kwa ndani na haliwezi mwanga. Mara ya kwanza dukani walinipa matone na tyubu, hayakufaa kitu. Nikaenda Mombasa, nikaambiwa ni yuveitisi, nikapewa dawa mbili, moja ya kutikisa na nyingine ya kifuniko chekundu. Siku ya nane jicho likawa jeupe, nikaacha, kwa sababu ile ya kifuniko chekundu ilinifanya nisione hata tundu la sindano. Wiki ya tano likarudi. Sasa ni mara ya tatu, na kila mara nafanya vivyo hivyo. Watu wanasema ni kijicho. Je, nitapofuka? Niache kushona? Ramadhani nitatiaje dawa? Na mimi na mume wangu tunataka mtoto mwingine, dawa hizi hazitamdhuru?

JIBU: Waalaykumu salamu, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale pale: "Siku ya nane jicho likawa jeupe, nikaacha." Nitaanzia hapo, maana hayo mengine yote uliyouliza yanategemea siku ile ya nane.

Unapojitazama kwenye kioo unaona ngozi ya nje ya jicho tu. Ugonjwa wako hauko hapo. Chini ya ile sehemu nyeupe kuna tabaka jingine, laini, lenye rangi na mishipa mingi ya damu, ambalo mbele yake ndiyo ile duara ya kahawia inayozunguka mboni. Waganga wa zamani walipolichambua jicho waliona tabaka hilo linafanana na zabibu iliyomenywa. Ndiyo maana kwa Kilatini likaitwa uvea, kutoka neno lenye maana ya zabibu, na kwa Kiarabu likaitwa inabiyya. Wewe uliyepita chuo cha Kurani bila shaka unalijua neno inabu. Tabaka hilo likivimba kwa ndani ndipo tunaposema yuveitisi. Likivimba upande wa mbele, kama lako, jicho huwa jekundu hasa kuzunguka ile duara, huuma kwa ndani kama jino bovu, huogopa mwanga, na kwa kawaida halitoi tongotongo. Hiyo ndiyo tofauti yake na ugonjwa wa macho mekundu ambao watu wote wanaujua, ule wa kuwasha na kuamka kope zimegandana, unaopita nyumba hadi nyumba. Dawa ya tyubu uliyopewa dukani ni ya kuua vijidudu. Kwako haikuwa na wa kumuua.

Sasa nikuonyeshe tunachokiona sisi. Bila shaka umewahi kuingia chumba cha ndani kwenye nyumba za mawe za huko kwenu, saa za asubuhi, giza limetanda, halafu mwale mmoja wa jua ukapenya kwenye upenyo wa dirisha. Ndani ya ule mwale unaona vumbi linaelea, chembe kwa chembe, ingawa hewa ya chumba kizima unaiona safi. Ile taa ya kupimia, unayowekea kidevu na kuegemeza paji la uso, inafanya jambo hilo hilo. Tunapitisha mwale mwembamba wa mwanga kwenye maji yaliyo mbele ya mboni. Kwa mtu mzima wa afya maji yale ni meusi matupu, hayana kitu. Kwa mwenye yuveitisi tunaona chembe zinaelea, zinapanda na kushuka polepole. Hizo ni chembe nyeupe za damu zilizovuja kutoka kwenye mishipa iliyovimba. Tunazihesabu. Hesabu hiyo ndiyo inayotuambia tukupe matone mangapi, na lini tupunguze.

Siku yako ya nane, jicho jeupe, maumivu hakuna, nina yakini kwamba kama ungeweka kidevu kwenye taa ile tungezikuta chembe bado zinaelea, chache kuliko mwanzo, lakini zipo. Maumivu huondoka mapema. Wekundu hufuata. Chembe huondoka mwisho. Ukiacha dawa katikati hapo, uvimbe unapanda tena, taratibu, bila kukuambia, mpaka wiki ya tano unapoamka jicho linawaka na kudhani umepatwa na ugonjwa mpya. Sisi tuna kipimo tunachokitumia: uvimbe ukirudi kabla ya miezi 3 kupita tangu mtu aache dawa, tunauhesabu kuwa ni ule ule ambao haukuwahi kuzimika. Kwa hiyo mimi sioni mara tatu katika habari yako. Naona mara moja, iliyokatizwa njiani mara mbili.

Sikulaumu. Dawa ilikunyima kazi yako na hakuna aliyekueleza kwa nini uivumilie. Hilo ni kosa letu.

Ile chupa ya kutikisa, kwa jinsi ulivyoieleza, ni prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi. Ndiyo inayozima uvimbe. Inatikiswa kwa sababu dawa yenyewe ni unga mweupe unaoelea kwenye majimaji, na chupa ikitulia usiku kucha unga unashuka chini. Asiyetikisa anajitia maji, na siku chupa inapokaribia kwisha anajitia uji. Tikisa vizuri kila unapotia, si asubuhi tu. Kuhusu kupunguza, kwa kawaida huwa hivi: siku za mwanzo kila saa, au kila saa mbili, ukiwa macho, uvimbe ukipungua mara nne kwa siku, halafu tatu, mbili, moja, kila hatua ikichukua kama wiki. Safari nzima mara nyingi ni wiki 6 mpaka 8. Hii si cheti chako, cheti atakuandikia aliyekupima, lakini nataka uone umbo lake: ni ngazi, mtu anashuka kidato baada ya kidato. Wewe uliruka kutoka darini.

Ile ya kifuniko chekundu ndiyo iliyokuchosha, na ndiyo ninayoitetea zaidi, kwa hiyo nipe nafasi.

Mboni yako haikutulia kama unavyodhani. Inapanuka na kusinyaa mchana kutwa, na nyuma yake, karibu sana, kuna lenzi ya jicho. Uvimbe unapokuwepo, yale maji yanakuwa na utomvu, na ile duara ya kahawia inaanza kugandamana na lenzi, kama chapati iliyosahaulika kwenye kikaango kisicho na mafuta. Ikishika kidogo mboni hupoteza uduara wake, inakuwa na pembe pembe kama ua. Ikishika kuizunguka yote, maji ya jicho hayapati pa kupita, na presha ya jicho hupanda ghafla. Dawa ya kifuniko chekundu huipanua mboni na kuiweka mbali na lenzi. Pia huupumzisha msuli wa ndani ya jicho ambao ndio unaokaza na kukuletea yale maumivu ya kama jino. Mlango wa mbao ulioko ufukweni unatakiwa ufunguliwe na kufungwa, la sivyo chumvi inazishika bawaba.

Nilipokuwa kijana katika kazi hii, katika zahanati moja ndogo ambayo haikuwa na taa ya kupimia, alikuja baharia mwenye jicho moja jekundu. Nikamuuliza maswali mawili, nikampa matone ya kuua vijidudu, nikamwambia arudi baada ya wiki. Alirudi baada ya miezi mitatu, alikuwa safarini. Nilimulika tochi kwenye jicho lile na mboni haikusogea. Ilikuwa imeshika pande zote, ina umbo la jani. Aliona kivuli cha mkono wangu tu. Tangu siku hiyo, kila anayekaa mbele yangu na jicho moja jekundu lisilo na tongotongo, namfunika jicho bovu na kumulika lile zima. Likiuma lile lililofunikwa, basi uvimbe uko ndani. Hata muuza dawa anaweza kufanya hivyo, na akiona hivyo amwambie mteja aende hospitali, asimuuzie kitu.

Turudi kwenye sindano yako. Dawa za kifuniko chekundu si moja. Kuna atropini, ambayo athari yake inaweza kukaa wiki nzima hata mbili kwa jicho. Kuna homatropini, siku moja mpaka tatu. Na kuna saiklopentoleti, ambayo kwa kawaida kesho yake imeisha. Ukirudi kwa daktari mwambie waziwazi: "Mimi nashona kofia, naishi kwa macho ya karibu." Aliyeandikiwa atropini kwa sababu hakuna aliyemuuliza kazi yake anaweza kupewa ya muda mfupi, atie usiku, ashone alasiri, ikiwa uvimbe unaruhusu. Siku za mwanzo huenda usiruhusu. Na kwa hizo siku chache kuna miwani ya kusomea ambayo itakurudishia karibu, kwa sababu dawa haikuharibu jicho, imeusimamisha tu ule msuli unaovuta picha ya karibu.

Kushona hakukuletea ugonjwa huu na kuacha hakutauondoa. Shona. Kaa pale unapopata mwanga kutoka nyuma ya bega, si barazani ukitazamana na ukuta mweupe wa chokaa unaorudisha jua. Ukitoka kwenda bandarini vaa miwani ya jua, na ukingo wa mtandio uushushe kidogo juu ya paji. Bahari ya saa sita huko kwenu inaumiza hata macho mazima.

Kutia tone nako kuna namna yake. Tone moja la dawa lina takriban maikrolita 50, na mfuko wa jicho hauchukui zaidi ya 30 hivi. Kwa hiyo la pili unalolitia kwa wasiwasi linamwagikia shavuni na fedha yako. Vuta kope la chini, tia moja, fumba, kisha bonyeza kwa kidole ile kona ya ndani karibu na pua kwa dakika moja au mbili. Hapo ndipo ulipo mfereji unaopeleka machozi puani na kooni, ndiyo maana wengine huhisi uchungu wa dawa mdomoni. Subiri dakika tano kabla ya chupa ya pili. Chupa ikishafunguliwa mwezi mmoja, itupe, hata kama imebaki nusu. Na isikae dirishani. Kama huna friji, iweke pembeni mwa mtungi wa maji, pale pana baridi ya kutosha.

Sasa kijicho. Mimi ni mtu wa pwani kama wewe na sitakudhihaki. Soma dua zako, na ukiandikiwa kombe, zile aya zinazooshwa kwa maji, linywe. Ninachokuomba ni kimoja: kisitiwe kitu jichoni ambacho hakikutengenezwa kwa jicho. Si kombe, si asali, si maziwa ya mama, si maji ya majani. Nimeona kioo cha jicho, ile ngozi angavu ya mbele, kilichotoboka kwa sababu ya maji ya majani, na mwenyewe alikuwa amekuja na jicho ambalo kwa matone lingepona. Wanja nao uuweke kando mpaka jicho litulie. Mwingine wa kisasa, hasa ule wa unga unaotoka ng'ambo, una madini ya risasi ndani yake.

Chanzo chenyewe ni nini? Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na maradhi, inamgeukia mwenye nyumba. Wakati mwingine kuna kinachoichokoza, na wakati mwingi, hata tupime vipi, hatukipati. Lakini kutafuta ni lazima, hasa kwa jicho linalorudi. Watataka kukupima kifua kikuu, kaswende na virusi vya ukimwi. Naomba mumeo naye asome hapa: vipimo hivi hatumpimi mtu kwa sababu tunamshuku tabia. Tunawapima watu wazima karibu wote wenye yuveitisi inayorudi, mashekhe na mabinti zao, kwa sababu kaswende na kifua kikuu vinaweza kukaa jichoni kimya, vina dawa inayoviponya, na steroidi ukiipa jicho lenye kaswende bila dawa ya kaswende unaulisha ugonjwa. Nyumba zimeingia ugomvi kwa karatasi ya maabara ambayo hakuna aliyeieleza. Waulizeni wanaowapima, mtaelezwa.

Utaulizwa pia mambo yatakayokushangaza: mgongo unakuuma alfajiri na kulegea ukishatembea? Una vidonda vya mdomoni vinavyorudi? Viungo vinavimba? Kikohozi cha muda mrefu? Jibu yote, hata yale ya vidonda vya sehemu za siri. Kuna ugonjwa unaoitwa kwa jina la daktari wa ngozi wa Kituruki, Hulusi Behçet, aliyeueleza mwaka 1937: vidonda vya mdomo, vidonda vya siri na uvimbe wa jicho. Unaonekana zaidi kwa watu wa nchi zilizoko kwenye njia za kale za biashara kutoka Uturuki hadi Japani. Anayeficha vidonda kwa haya anamfanya daktari atibu theluthi moja ya ugonjwa.

Na kwa kuwa uko Lamu, najua swali linalofuata ni la paka. Ndiyo, kuna kijidudu kinachoitwa toksoplasma kinachopitia kwenye kinyesi cha paka na kwenye nyama isiyoiva, na ni miongoni mwa sababu kubwa za uvimbe wa nyuma ya jicho duniani. Lakini wako ni wa mbele, na paka akikupitia miguuni hakupi kitu. Osha mikono ukishika udongo, ivisha nyama, chemsha maji kama huna uhakika nayo. Ukiwa na mimba umwachie mwingine kazi ya kusafisha uchafu wa paka. Basi.

Pembeni kidogo, kwa kuwa wanaosoma hapa ni wazazi: mtoto mwenye goti au kifundo kilichovimba kwa wiki nyingi, bila kuanguka, apelekwe kupimwa macho hata kama macho yake ni meupe kabisa na hasemi kitu. Baadhi ya watoto wenye ugonjwa wa viungo hupata yuveitisi isiyouma wala kuwa nyekundu. Hao ndio wanaonikosesha usingizi, kwa sababu mama anagundua siku mtoto anaposhika kitabu karibu na pua.

Je, utapofuka? Sikuahidi, maana sijakupima. Lakini uvimbe wa mbele ukitibiwa mapema na kushushwa ngazi mpaka chini, wengi mno wanabaki na macho yao. Kinachopofusha ni kurudiarudia bila kuzimika: mboni kushika, presha ya jicho kupanda, mtoto wa jicho kuja kabla ya umri wake, na maji kujaa nyuma pale penye uoni mkali. Kabla ya steroidi kuwepo madaktari walikuwa na atropini na subira. Dawa ya kwanza ya jamii hiyo, kortisoni, iliwapa Hench, Kendall na Reichstein tuzo ya Nobel mwaka 1950, na mimi nikitazama macho yanayookoka kwa chupa ya mililita tano naona walistahili.

Ina ubaya wake pia, na lazima uujue. Kwa takriban theluthi ya watu matone haya huipandisha presha ya jicho, wengine kidogo, wachache kwa kiasi kikubwa. Haiumi. Ndiyo maana kila unapopimwa waulize: "Presha ya jicho ni ngapi?" Kawaida ni kati ya 10 na 21. Iandike kwenye daftari, pamoja na tarehe na idadi ya matone uliyo nayo siku hiyo. Na chupa yako usimpe jirani mwenye jicho jekundu, hata akikulilia. Kama lake ni kidonda cha kirusi cha herpesi juu ya kioo cha jicho, tone lako la huruma linaweza kukikuza kidonda hicho mpaka kimharibu jicho.

Ikiwa utashuka ngazi yote vizuri na uvimbe bado unarudi, hapo ndipo watazungumza nawe habari ya vidonge: prednisoloni ya kumeza kwa muda, ambayo nayo haikatizwi ghafla hata siku moja, maana mwili unakuwa umesahau kutengeneza yake; halafu dawa za kuituliza kinga, kama methotreksati. Hiyo humezwa mara moja kwa wiki. Narudia, kwa wiki. Chagua siku, tuseme Jumatatu, na andika juu ya pakiti, kwa sababu watu wamekufa kwa kuimeza kila siku. Kuna pia sindano ya adalimumabu, iliyoidhinishwa Marekani na Ulaya mwaka 2016 kwa baadhi ya yuveitisi zisizotokana na vijidudu. Ni ghali, na kabla ya kuianza lazima kifua kikuu kitafutwe. Sidhani kama umefika huko.

Kwa habari ya mtoto: matone kwa kawaida yanaweza kutumika wakati wa mimba daktari akijua, na kidole chako pale kwenye kona ya pua kinapunguza kinachoingia mwilini. Methotreksati ni haramu kwa mimba, inaharibu kiumbe. Atakayewahi kuipewa aiache miezi kadhaa kabla ya kutafuta mtoto, kwa mpango na daktari wake. Kwako wewe ningependa jicho likae kimya, bila dawa, kwa miezi hiyo 3 kwanza, kisha mtafute mtoto kwa utulivu. Mara nyingi mimba ikikomaa uvimbe wenyewe hutulia, halafu hurudi baada ya kujifungua, wakati ambapo mama hana nafasi ya kujitazama. Mwambie mumeo, au mama yako, akukumbushe ndani ya arubaini: jicho likianza kuogopa mwanga mtoto abaki na bibi yake, wewe uende.

Ramadhani ni nyepesi kuliko unavyodhani. Kwa madhehebu yetu ya Shafii jicho si njia iliyo wazi kuelekea tumboni, na kinachotiwa jichoni hakifunguzi. Baraza la kimataifa la fiqhi lililokutana Jeddah mwaka 1997 nalo liliyaweka matone ya jicho katika yasiyofunguza, mtu asipomeza kilichofika kooni. Muulize shekhe wako ili moyo utulie, na tia dawa yako mchana kama ulivyoandikiwa. Vidonge vya prednisoloni, kama utapewa, vinaliwa na daku ikiwa daktari ameridhika ufunge. Na kama ameona hali yako hairuhusu kufunga, mgonjwa amepewa siku nyingine.

Safari ndiyo shida yako kubwa, naijua. Boti mpaka Mokowe, basi, Witu, Garsen, Malindi, na pengine Mombasa, jua la dirishani upande mzima. Si kila kipimo kinahitaji safari hiyo. Uliza hospitali ya hapo Lamu siku ambayo afisa wa macho yupo na kama taa ya kupimia inafanya kazi. Kupima chembe na presha katikati ya ngazi anaweza kukufanyia yeye. Muombe daktari wa Mombasa akuandikie ngazi yote kwenye karatasi moja, na barua ya maneno mawili kwa atakayekupima huku. Muombe pia ruhusa ya kuwa na chupa moja ya akiba isiyofunguliwa, na maelekezo ya kuianza siku jicho likiwaka na boti hakuna, kwa sharti kwamba upimwe ndani ya siku mbili. Lakini ukiona uoni unashuka kwa saa, au jicho linauma na juu yake unatapika, au pazia jeusi, au mvua ya vidoa vyeusi vinavyoelea, usingoje chupa wala karatasi. Panda boti ya kwanza.

Jicho lako la sasa hivi, la mara ya tatu, limeshapimwa au unajitibu kwa chupa ya zamani? Hukusema. Kama ni chupa ya zamani, nenda wiki hii. Beba chupa zote, hata zilizokwisha, na lile daftari. Na beba kofia uliyoifikisha nusu, na sindano yake. Ishike mbele ya daktari kama unavyoishika ukishona, ili miwani ya karibu ipimwe kwa umbali wa mikono yako mwenyewe.